Salamu Niliyompa Rwegasira

Mbao za jeneza la baba zilikuwa mbichi. Kijana aliyezipasua kwa msumeno wa mkono aliomba radhi, akasema mti wa msizi uliokauka haukupatikana Nyakasimbi nzima kwa haraka ile, na kwamba mtu pekee aliyekuwa na desturi ya kuweka mbao kavu darini ndiye huyu tunayemzika. Watu wakacheka kidogo, kile kicheko cha msibani. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimesimama karibu na vumbi la mbao, na harufu yake ilinipanda puani, tamu kidogo, chungu kidogo, kama ganda la ndizi lililosuguliwa kwenye chuma. Nikaenda nyuma ya jiko, nikatapika. Wanawake walisema uchungu wa baba umenizidi. Niliwaacha waseme hivyo. Kipaji hicho ninacho tangu utotoni, cha kuwaacha watu waamini kisicho kweli ilimradi kinanifaa.

Baba alikuwa fundi seremala. Alizaliwa Muleba, akafundishwa kazi na wamisionari, akahamia Nyakasimbi kabla sijazaliwa. Wenyeji Wanyambo walimpokea vizuri, ingawa walimtania kwamba Mhaya hawezi kupanda mgomba mmoja bila kukisimulia kijiji kizima. Alifanya kazi kwa mkono kama mafundi wengine, hadi alipoipata ile mashine. Machimbo ya bati kule Kyerwa yalikuwa yanabadilisha injini zao, na moja kuukuu, inayokula mafuta ya taa na kukohoa kama mzee wa kiko, ikawa ya baba. Wanaume waliibeba kwa miti mabegani, wakilala njiani, wakiimba. Baba akaifunga chini ya banda nyuma ya nyumba, pembeni mwa migomba, akaiunganisha kwa mkanda mrefu na meza ya mbao nene iliyopasuliwa katikati. Katika ule mpasuko lilichomoza gurudumu la chuma lenye meno, pana kama ungo. Likianza kuzunguka, meno hayakuonekana tena. Uliona ukungu tu unaong'aa, mzuri, kama maji yaliyosimama wima.

Mashine ilikuja na sheria zake, na baba alizitangaza kwa sauti ile ile aliyosomea zaburi. Hakuna kanzu karibu na meza: mgeni aliyevaa kanzu aliivua na kuitundika kwenye msumari wa nguzo ya kwanza, hata awe mkubwa kiasi gani. Hakuna kusimama nyuma ya ubao, maana ubao ukibanwa hurushwa kama mkuki. Mtu husimama ubavuni. Kipande kifupi husukumwa kwa kijiti, wala si kwa vidole. Vumbi halifagiliwi kwa kiganja mpaka gurudumu lisimame kabisa na wewe uone jino moja moja. Aliyeonja rubisi, pombe yetu ya ndizi, hagusi kitu, hata aape kwamba ameonja kwa ncha ya ulimi. Na ya mwisho, iliyowaudhi watu kuliko zote: mashine ikinguruma, hakuna salamu.

Ninyi wa rika langu mliolelewa huku mtaelewa uzito wa sheria hiyo. Sisi tulijifunza kusalimia kabla ya kujifunza kula wenyewe. Mtoto wa kike alipiga goti, akamshika mkubwa mkono kwa mikono yake yote miwili, akasubiri kuitikiwa, na mkubwa aliyeacha kuitikia aliulizwa amekosewa nini. Mzee mmoja jirani alikuja siku za mwanzo, akasalimia, akasalimia tena, na baba hata hakugeuka. Mashine ilipozimwa mzee alimsogelea kwa hasira.

"Fundi, umepata chuma, umepoteza adabu?"

"Mzee wangu, adabu ninayo," baba akamjibu, akivua kofia. "Vidole ndivyo sina vya akiba."

Mzee akacheka, na habari ikasambaa. Tangu hapo watu walikuja wakakaa kwenye gogo, wakangoja mkanda usimame, ndipo salamu zikaanza, ndefu kweli kweli, kama za kulipia zile zilizocheleweshwa.

Mimi nilielewa vingine. Nilikuwa na umri wa miaka kama minane, na hakuna aliyenieleza maana ya neno lile la vidole. Nilichokijua ni kwamba mbele ya mkubwa sana wadogo hawasalimiani. Nilikuwa nimeona hivyo mbele ya chifu. Basi nikakata shauri kwamba msumeno ndio mkubwa kuliko wote nyumbani kwetu, kuliko hata baba, na ndiyo maana ukisema wengine wote wananyamaza. Nilipopita mbele ya meza, hata gurudumu likiwa limelala, nilikunja goti kidogo.

Aliyesukuma mbao alikuwa Rwegasira, kijana wa Kinyambo wa kijiji kile kile, mwenye mikono mikubwa na utani usiokauka. Baba alikuwa amemfundisha tangu kushika randa, na alisema mbele za watu kwamba siku atakaporudi Muleba kuzeeka, mashine itabaki kwa Rwegasira. Kila jioni, injini ikizimwa, Rwegasira alikuja mlangoni pa jiko akanyanyua mikono yote miwili.

"Mama, nimevirudisha vyote kumi."

"Viweke vizuri," mama alimjibu bila kuinua uso kutoka kwenye ndizi alizokuwa anamenya. "Kesho vinatakiwa."

Na mimi aliniita binti Fundi, akanichongea ng'ombe wa mabaki ya mbao, wenye pembe ndefu kupita miili yao.

Kisha akaja shangazi Kemilembe. Alikuwa dada mkubwa wa baba, ameolewa na mfanyabiashara pale Bugene, na binti yake alikuwa anakaribia kuolewa. Alikuja kwa mambo mawili: kuangalia kitanda cha bibi harusi ambacho baba alikuwa anakitengeneza, na kuchagua mtoto wa kike wa kumsindikiza bibi harusi, wa kukaa naye mkekani mbele za watu na kulala naye siku za kwanza ugenini ili asilie peke yake. Tulikuwa wawili, mimi na binamu yangu Leokadia. Sijawahi kutaka kitu maishani kama nilivyotaka mkeka ule. Niliota gauni. Niliota watu wakiuliza, yule mtoto ni wa nani?

Usiku wa kufika kwake nilimsikia akimwambia mama, "Leokadia anasalimia mpaka mbuzi. Huyu wenu je? Leo nimemwona anampita yule kijana wa kazi kama anapita kisiki."

"Mashine ilikuwa inanguruma, wifi."

"Mashine! Mashine ndiyo itamwoa?" Shangazi akasonya. "Nitamtazama kesho. Nikimwona anampita mkubwa tena bila goti, namchukua Leokadia na yaishe."

Kesho yake asubuhi shangazi alitoka kwenda kusalimia majirani. Baba na Rwegasira walikuwa wanakata miguu ya kitanda, vipande vifupi vya mti mgumu. Rwegasira alichelewa kidogo siku hiyo, akaja anakimbia, suruali imekunjwa magotini. Alikuwa ameamkia kwa mjomba wake, kusaidia kukanyaga ndizi. Mnajua kazi hiyo: ndizi zilizoiva humwagwa kwenye mtumbwi wa mbao pamoja na nyasi, wanaume huingia na miguu yao iliyooshwa, wakakanyaga mpaka maji matamu yatoke. Yale maji siyo pombe bado. Hata sisi watoto tulipewa kikombe. Lazima yalale na mtama mpaka yachemke yenyewe ndipo yawe rubisi. Lakini harufu yake hushika mwilini, na Rwegasira alinuka ndizi kutoka nyayo hadi magoti.

Nilikuwa nimekaa kwenye gogo. Baba alikwenda nyuma ya banda, akainama kwenye injini kuangalia mafuta. Nikainua macho, na kati ya migomba nikaona kanga ya shangazi, ya rangi ya chungwa, ikija kwenye njia ya kibanja. Alikuwa mbali bado. Alikuwa anakuja kunitazama.

Ningependa kuandika kwamba nilidhani mashine imezimwa. Nimejaribu miaka mingi kuliamini hilo, na mara mbili tatu karibu nifaulu. Ilikuwa inanguruma. Sheria niliijua kama nilivyoijua Baba Yetu. Nilichofikiri, nakumbuka vizuri, ni kwamba nitamkosea heshima msumeno mara hii moja tu, na jioni nitaupigia goti na kuuomba radhi.

Nikapiga goti pembeni mwa Rwegasira. "Shikamoo." Hakusikia. Kanga ya chungwa ilitokeza, ikafichwa na mgomba, ikatokeza. Nikasogea kwa magoti juu ya vumbi la mbao. "Shikamoo!" Alikuwa na kijiti mkono wa kulia, na mkono wa kushoto umebana kipande mezani. Basi nikaushika mkono wake wa kushoto, juu kidogo ya kiwiko, kwa mikono yangu miwili, kwa heshima zote nilizofundishwa.

Akageuka. Aligeuka akiwa tayari na tabasamu, kama mtu aliyelelewa vizuri, na mdomo wake ulikuwa umeanza kufunguka kuniitikia. Kisha sauti ya msumeno ikabadilika.

Sikungoja kuona. Nilikimbilia kwenye mibuni nyuma ya banda, nikachuchumaa, nikaziba masikio. Injini ikazimwa. Shangazi akafika akipiga kelele, mama akatoka na shuka. Kati ya matawi nikaona baba akimfunga Rwegasira mkono kwa aproni yake mwenyewe, amepiga magoti mbele yake, na nikaona uso wa baba ukisimama ghafla, pua ikitanuka.

"Rwegasira. Umetoka wapi leo?"

"Kwa mjomba, Fundi. Tulikanyaga ndizi."

"Umekunywa."

"Nimekanyaga tu. Ni maji ya ndizi, hayajalala hata..."

"Umekunywa, ukaja kuweka mkono kwenye mashine yangu!" Baba alikuwa analia, jambo ambalo sikuwahi kuliona. "Nani alikuwa hapa? Nani alikuona?"

Rwegasira aliinua kichwa. Gauni langu lilikuwa jeupe, na mibuni ya baba ilikuwa imepogolewa vizuri. Alinitazama moja kwa moja.

"Nilikuwa peke yangu, Fundi," akasema.

Wakamlaza kwenye machela, wanaume wanne wakaibeba kwenda hospitali ya misheni. Walipita karibu yangu, nikatoka kwenye mibuni kwa sababu sikuweza tena kukaa, nikasimama njiani nikilia. Rwegasira, macho yake yamefumbwa nusu, alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Marahaba, mtoto."

"Msikieni," mbebaji mmoja akasema. "Anaitikia na hakuna aliyemsalimia. Rubisi inaongea."

"Hiyo ya jana bado iko kichwani," akasema mwingine, na wakacheka kwa pumzi fupi, kama watu wanavyocheka wakiwa na mzigo.

Shangazi aliniona nikilia hivyo njiani. Akanivuta kifuani kwake, akasema mtoto anayemlilia kijana wa kazi namna hii ana moyo, na moyo unazidi goti. Akanichukua mimi. Nilikaa mkekani Bugene siku ya harusi, nimevaa gauni jipya lenye mkanda mgongoni. Wageni walipewa kahawa ya kutafuna kwenye kikapu kidogo, na mimi nikapewa punje zangu kama mtu mzima. Watu waliuliza, yule mtoto ni wa nani? Nilifurahi. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote, kwamba sikukaa pale nikiteseka. Nilifurahi mpaka nikasinzia.

Rwegasira alipoteza vidole viwili na nusu ya cha tatu. Baba hakuwa na chuki. Alimpelekea chakula hospitalini mpaka alipotoka, akawapa jamaa zake mbuzi. Lakini hakumrudisha kazini. Rwegasira alikuja mara moja, mkono umefungwa, akakaa kwenye gogo kutwa nzima. Mkanda uliposimama baba alitokea upande wa pili wa banda. Baada ya hapo tukasikia amehamia Kiruruma.

Nilisema nitasema. Nilipanga kusema Krismasi, kisha nitakapomaliza darasa la nne, kisha nitakapopata kipaimara. Lakini baba alikuwa ameigeuza habari ile kuwa somo. Kila kijana mpya aliyeletwa kujifunza, baba alimsimamisha mbele ya meza, akamwonyesha nguzo ya kanzu, akamwonyesha kijiti, na alipofika kwenye rubisi alisema, "Hapa alifanya kazi mtu bora kuliko wewe utakavyokuwa. Anaitwa Rwegasira. Pombe ilimla vidole." Nilikuwa naleta maji ya kunywa, au chakula, au nilikuwa nafagia. Nililisikia somo lile labda mara thelathini. Vijana walitikisa vichwa. Mara moja mmoja wao aliuliza sheria ya salamu ina maana gani, na baba akasema, "Hiyo ni ya tahadhari tu. Haijawahi kumdhuru mtu." Niliweka kata mezani nikatoka.

Mwezi mmoja baada ya mazishi nilikwenda Kiruruma. Nilimkuta Rwegasira akianika kahawa kwenye jamvi mbele ya nyumba yake, akizitandaza kwa kiganja cha kushoto, kile chenye upungufu, kwa wepesi wa mtu aliyezoea. Nywele zilikuwa zimeanza kuota mvi. Nikapiga goti, nikamsalimia, na akaniitikia.

"Pole na msiba, binti Fundi. Nilisikia. Sikuja. Nisingejua nisimame wapi."

Nikamwambia yote: mkeka, kanga ya chungwa, mikono yangu miwili. Hakunikatiza. Aliendelea kutandaza kahawa, akitoa vijiti na majani. Nilipomaliza aliuliza, "Mzee ulimwambia?"

"Hapana."

"Aliugua muda mrefu?"

"Miezi minane."

"Na ulikuwa unakuja kumwona?"

"Kila mwezi."

"Kila mwezi," akarudia. Akatupa jani. "Basi ulisubiri."

Ndivyo ilivyokuwa. Nilisubiri mpaka ukweli usinigharimu uso wa baba, ndipo nikamletea yeye, kama mtu anayeleta mbegu baada ya mvua kwisha.

"Mimi pia nilisubiri," Rwegasira akasema. "Nilisema, huyu ni mtoto, nikimtaja leo atapigwa mpaka afe. Atakua. Atasema mwenyewe, na Fundi atamtuma mtu aje aniite. Sikutaka kazi tena. Nilitaka aniite tu, nikae kwenye lile gogo, mkanda usimame, aje anisalimie." Alijifuta kiganja kwenye suruali, kisha akageukia nyumba. "Mama Koku! Njoo. Lete na watoto."

Mke wake alitoka na unga mikononi, mwanamke mfupi, mnene kidogo, na nyuma yake watoto watatu. Mkubwa alikuwa msichana wa miaka kama minane.

"Huyu ni binti Fundi wa Nyakasimbi," Rwegasira akawaambia. Kisha akaniambia mimi, "Waambie kama ulivyoniambia. Usipunguze."

Nikasema tena. Mara hii ilikuwa vigumu zaidi, kwa sababu watoto wanatazama mdomo. Nilipofika pale alipoambiwa amekunywa, mke wake alikaa kwenye kizingiti. Nilipomaliza kuku walikuwa wakiparua jamvi na hakuna aliyewafukuza.

"Kwa nini hukusema?" yule msichana akauliza.

"Nilikuwa mtoto."

Akanitazama, akamtazama baba yake. "Mimi pia ni mtoto," akasema.

"Koku, nyamaza," mama yake akasema, lakini bila nguvu. Alikuwa anafikicha unga kwenye vidole vyake, ukidondoka vipande vipande. "Aliniambia," akasema hatimaye, na hakuwa anasema na mimi wala na watoto. "Mwaka tuliooana aliniambia, alishikwa mkono na mtoto. Nikamjibu kwamba kila mlevi ana mtoto wa kumsingizia. Hakulitaja tena."

"Mama Koku, yamepita," Rwegasira akasema.

"Hayajapita. Jana tu." Akainua uso wake kwangu, na haukuwa na hasira, ulikuwa na mshangao mtupu, kama wa mtu aliyefungua mlango akakuta nyumba nyingine. "Kila jioni akirudi, kabla sijampokea jembe, namnusa mdomo. Pale mlangoni, watoto wakiona. Sijawahi kuacha hata siku moja. Na ni mrefu, mnamwona. Sifiki." Akamtazama mumewe. "Huwa anainama, ili nifike."